Tepe Saba za Mandewa

Saa nne asubuhi stendi ya mabasi ya Singida ilikuwa imejaa watu, kuku na magunia ya alizeti. Luciana, kanga ya njano kiunoni na beseni la chupa za asali kichwani, alilikimbilia basi lililotoka Dodoma. Kijana aliyeshuka wa kwanza alibeba begani chombo cha chuma chenye miguu mitatu. Alipogeuka kutafuta begi lake, mguu mmoja ukaligonga beseni. Chupa moja ikaanguka mchangani.

"Kaka mpiga picha, angalia unapogeuzia kamera yako."

"Si kamera, dada. Hiki ni cha kupimia ardhi." Akaiokota chupa, akaifuta kwa kiganja. "Hii ni asali kweli, au sukari iliyochemshwa?"

"Ipindue."

Akaipindua. Kiputo kimoja kidogo cha hewa kikaanza kupanda, taratibu mno.

"Ya sukari hukimbia," Luciana alisema. "Ya mama yangu haina haraka."

"Na wewe je?"

"Mimi nina haraka. Lipa."

Jioni ile simu yake ikaita. Namba iliandikwa kwenye kila chupa.

"Asali imeisha," sauti ilisema.

"Leo hii hii? Utaumwa tumbo, kaka."

"Calist. Naitwa Calist, kwetu Manyoni. Na tumbo limeshauma, nilikuwa natafuta sababu ya kupiga."

Kwa wiki tatu walinunuliana chips, wakatembea kandokando ya ziwa, wakaitana "mpenzi" kwanza kwa utani, kisha bila utani. Luciana hakuuliza mapema anapima wapi. Alipouliza, Calist alitazama viatu vyake vyenye vumbi kabla ya kujibu.

"Mandewa. Pori lililo nyuma ya nyumba za mwisho. Vinatoka viwanja vya bei nafuu."

Katika pori hilo mama yake Luciana, Rebeka, alitundika mizinga kwenye migunga saba, kama alivyofanya mama yake kabla yake. Ardhi haikuwa yao. Walikuwa na mizinga tu.

Kwenye mkutano wa mtaa Luciana alisimama, akazungumza vizuri. Alisema pori likiisha, nyuki hawana pa kwenda, na upepo wa kiangazi utaleta mchanga hadi vitandani. Watu wakapiga makofi. Kisha akasimama Theresia, jirani yake wa kibanda pale stendi.

"Luciana ni mdogo wangu, simpingi kwa ubaya," alisema. "Lakini mimi sina mti wala mzinga. Nina watoto watatu kwenye chumba kimoja, na mwenye nyumba ameniambia nihame, mara ya tatu hii. Kiwanja kama hiki nikikikosa, kingine nitakipata wapi?"

Luciana akakaa.

"Na wewe unasemaje?" alimuuliza Calist walipotoka.

"Mimi napima tu, mpenzi. Ramani naletewa imeshachorwa."

"Basi pima."

Ijumaa hiyo Calist alimfuata mkuu wake, akamwomba sehemu yenye mizinga iachwe iwe eneo la wazi. Mkuu alikubali kwa shingo upande: iachwe miti yenye alama, mingine ing'olewe. Calist akafunga utepe kwenye kila mgunga wenye mzinga. Alikuwa na tepe nyekundu tu. Sixbert, dereva wa tingatinga, akaambiwa: penye utepe usiguse. Calist akapanga kumpeleka Luciana Jumapili akajionee mwenyewe.

Jumamosi Luciana alitangulia porini kabla ya mama yake, akaziona tepe zile. Katika mji huu alama nyekundu ukutani ina maana moja tu: nyumba inabomolewa. Alizifungua zote saba, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni. Simu iliita mchana kutwa na Jumapili yote. Aliona jina la Calist, akaiacha iite.

Jumatatu alipofika, migunga ilikuwa imelala chini na mizinga imepasuka. Mama yake alikaa mbali juu ya gogo, ng'ambo ya tingatinga lililokuwa likinguruma, nyuki wakimzunguka kichwani bila kumuuma. Calist alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

Luciana alimtupia tepe kifuani.

"Chukua alama zako. Nilidhani nikizitoa mtashindwa kuijua miti ya kukata."

Sixbert ndiye aliyeinama, akaokota mmoja.

"Kumbe zilikuwepo?" alisema taratibu. "Mimi niliambiwa yenye utepe niiache. Sikuona hata mmoja."

Luciana alimtazama Calist, akitumaini atakanusha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipiga simu."

"Kabla ya simu, Calist."

"Nilitaka ufurahi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningetafuta tepe za rangi nyingine."

Tingatinga lilikuwa bado linanguruma.

Wiki iliyofuata Calist alihamishiwa Nduguti. Theresia hakupata kiwanja. Bei ilipotangazwa ilikuwa imempita. Kila asubuhi Rebeka, aliyesikia mtaani kwamba miti yake ilifungwa tepe za kuilinda, aliuliza, akikoroga uji, ni nani aliyekuwa na roho ya kuzifungua, na Luciana akainama kuchochea moto.

Siku ya kumi na mbili tangu miti ianguke, simu iliita. Aliipokea.

"Nyuki wameondoka?" Calist aliuliza.

"Kundi moja limeganda kwenye bikoni yako ya mpaka, ile ya zege. Wanaishikilia kama tawi."

"Luciana, nataka nije kwenu na wazee. Nikuoe."

Alichungulia dirishani. Nje mama yake alikuwa anafagia uwanja.

"Mama hajui ni nani aliyezifungua," alisema. "Sijaweza. Kila nikifungua mdomo, nashindwa."

"Nami nilizifunga bila kusema."

"Basi njoo kwanza peke yako, bila wazee. Ukae karibu yangu nikimwambia."

"Na akitufukuza wote wawili?"

Luciana aliufuta uso kwa pindo la kanga.

"Njoo hivyo hivyo," alisema.