Hali ya Pampu ni Nzuri

Kila asubuhi Mumbua alifagia chumba chake, akachukua spana na kwenda kisimani. Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la mahindi katika kijiji cha Kwa Nzai, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Gede. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, sufuria moja na vikombe viwili. Kikombe cha pili alikinunua kwa ajili ya wageni. Miezi miwili ilikuwa imepita, na kikombe hicho hakijaingia chai.

Mwaka huo wa 1986 Mumbua alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yake alitoka Machakos zamani, akawa mpishi wa hoteli Watamu, na Mumbua alizaliwa hukohuko. Kwa salamu aliwashinda hata wenyeji wa pwani. Ungemuuliza habari akiwa na homa kali, angekujibu nzuri. Habari za nyumbani nzuri, za watoto nzuri, na mtoto hana hata mmoja.

Mradi wa visima ulikuwa umemchukua kuwa fundi mwanafunzi kwa miezi sita. Alipewa posho kila mwezi, ili asilazimike kuacha mafunzo na kwenda kutafuta chakula. Alikuwa pia na mlezi wa kazi, Fundi Kambi wa Gede, mzee mpole aliyewaangalia wanafunzi sita katika vijiji sita. Na pampu yenyewe haikuwa mali ya kampuni yoyote. Siku ya kwanza Fundi Kambi aliwagawia michoro yake, akawaambia kwamba mchoro huo hauna mwenyewe. Mtu yeyote aweza kuunakili, kuunda pampu kama hiyo, hata kuibadilisha. Alichowaomba ni kimoja tu: ukiona kasoro, au ukipata njia bora, andika ili wenzako wote wapate.

Basi kila Ijumaa kila mwanafunzi alijaza karatasi na kuituma Gede. Karatasi iliuliza, "Hali ya pampu?" Mbele yake palikuwa na nafasi ya neno moja au mawili.

Wiki ya tatu mpini wa pampu ya Mumbua ukawa mwepesi na maji yakapungua. Aliifungua. Ndani yake mna kipande cha ngozi cha duara, ambacho husukuma maji juu. Ngozi ile ilikuwa imelika, na mchanga umeishika. Mumbua akaweka ngozi mpya. Ijumaa akaandika: Nzuri.

Moyoni hakuona kuwa amedanganya. Mtu akikuuliza hali, humrushii matatizo kabla hajaketi. Isitoshe, pampu ilikuwa imeanza kutoa maji tena.

Baada ya siku kumi ngozi ikalika tena. Akabadilisha, akaandika nzuri. Ngozi za akiba zilipokwisha, alichukua viatu vyake vya kanisani, akavikata. Jumapili hiyo hakwenda kanisani, kwa sababu hakuwa na viatu. Alikaa chumbani akisikiliza nyimbo kwa mbali. Huko kanisani ndiko alikokuwa akipeana mkono na watu mara moja kwa wiki. Sasa na hiyo imekwenda.

Wanawake wa kijiji nao walianza kupungua kisimani. Mwanzoni walikuja wengi, wakicheka na kupiga soga kwa Kigiriama. Mumbua, ambaye kwao walisema Kiswahili na Kikamba tu, hakuelewa maneno, lakini alipenda kuzisikia sauti. Kisha wakaja wanne, kisha wawili. Asubuhi moja hakuja mtu. Mumbua alikaa peke yake kando ya pampu mpaka jua likawa kali. Alijua wamerudi kuchota maji katika bwawa la ng'ombe. Alijua pia kwamba mradi ukisikia, kisima kitafungwa na yeye atarudishwa Watamu kwa aibu. Kwa baba yake aliandika kuwa yeye ni mzima wa afya.

Siku iliyofuata mwenyekiti wa kamati ya kisima alibisha hodi mlangoni. Aliitwa Mama Kahonzi, mama wa makamo asiyependa kuzungukazunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari zako?"

"Nzuri mama."

Mama Kahonzi aliingia ndani. Aliangalia viatu vilivyokatwakatwa chini ya kitanda. Akaangalia uso wa Mumbua.

"Mwanangu," akasema, "mjukuu wangu anaharisha kwa maji ya bwawa, na wewe wakata viatu. Nzuri hiyo iko wapi?"

Mumbua akalia. Akaeleza yote, ngozi, mchanga na karatasi. Mama Kahonzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia afunge mlango, wanakwenda Gede sasa hivi.

Fundi Kambi walimkuta karakanani. Mumbua alikiri kila kitu akiwa amesimama, akingoja kuambiwa arudishe spana. Mzee akafungua faili, akatoa karatasi zote za Mumbua. Nzuri, nzuri, nzuri. Halafu akatoa za mwanafunzi mwingine, Ochola wa Matsangoni. Nazo zilisema nzuri tangu juu hadi chini.

"Juzi nilikwenda kwa Ochola bila kumwarifu," alisema. "Pampu imekufa. Mchanga. Naye alikuwa akinunua ngozi kwa fundi viatu, kwa posho yake, zaidi ya mwezi mzima."

Mumbua aliketi juu ya kasha la misumari. Muda wote huo aliamini kwamba yeye peke yake ndiye asiyejua kazi. Kumbe huko Matsangoni mwenzake alikuwa na shida ileile, naye kaifungia ndani. Jambo hilo lilimuumiza kuliko viatu.

"Mtanifukuza, fundi?"

"Nikufukuze kwa kujifunza? Mwanafunzi analipwa ili ajaribu, akosee, aulize. Kosa ni langu pia. Nikikuuliza habari njiani, utaniambia nzuri, ila nitauona uso wako, nami nitangoja hiyo 'lakini' inayofuata nzuri. Karatasi haina macho. Haikungoja."

Kisha akamweleza kasoro yenyewe. Visima vipya hujaa mchanga chini. Mchoro ulisema bomba lishuke karibu na sakafu ya kisima, basi likavuta mchanga pamoja na maji, nao mchanga ukala ngozi. Mzee angalipata habari za visima viwili mapema, angalijua siku ileile.

Kesho yake Fundi Kambi na Ochola walikuja Kwa Nzai. Wanawake walivuta kamba ya ndoo, mchanga ukatolewa, na bomba likainuliwa kwa urefu wa mkono mmoja. Ngozi waliyoweka siku hiyo ilidumu miezi mitatu. Wanawake walirudi kisimani na soga zao, na Mama Kahonzi akaanza kumfundisha Mumbua Kigiriama, akimcheka bila huruma. Mjukuu wake akapona.

Mchoro ulirekebishwa, ukapelekwa vijiji vyote sita. Chini yake paliandikwa majina ya waliogundua kasoro: Mumbua na Ochola. Karatasi ya Ijumaa nayo ikabadilishwa. Baada ya "Hali ya pampu?" Fundi Kambi aliongeza mstari mrefu wenye neno moja mwanzoni: "Lakini". Wanafunzi walianza kuujaza, na nakala zikapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Kila wiki Mumbua alisoma shida za wenzake watano, akalala akijua hayuko peke yake.

Mwezi wa mwisho wa mafunzo alikuja mama mmoja, Adhiambo, kutoka kijiji cha mbali. Alitaka kunakili mchoro ili nao waunde pampu yao. Alisimama mlangoni, vumbi miguuni, akauliza habari za pampu.

"Nzuri," akasema Mumbua.

Akachukua kikombe cha pili, akakipangusa, akakijaza chai.

"Karibu uketi," akamwambia. "Sasa nikueleze 'lakini' yake."