Hope Aenda Baharini Bila Sweta

Kila asubuhi, nyumbani kwa Jovina kule Goba, kazi ya kwanza ilikuwa kumwogesha Hope. Kazi ya pili ilikuwa kumfunga.

Mama mkwe wake, Bibi Demetria, alikuwa ametoka Bukoba kuja kusaidia malezi. Kwa huyo bibi, mtoto mchanga alikuwa wa kufunikwa. Alimvisha mjukuu fulana. Juu yake gauni. Juu yake sweta la sufi alilolifuma mwenyewe. Kisha soksi, kofia, na shali nzito ya kumalizia. Hope akabaki pua na macho.

"Upepo ukimwingia kifuani, ndiyo nimonia hiyo," alisema bibi.

Jovina akampokea mtoto. Mama huyu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumkorogea uji tangu atoke kujifungua. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumbishia?

Hope alikuwa na miezi mitatu na nusu. Chanjo za kliniki za umri wake alikuwa amepata zote. Jovina, karani wa ofisi moja mjini, aliunganisha likizo ya uzazi na likizo ya mwaka. Sasa zilibaki siku kumi na mbili arudi kazini. Tangu ajifungue alikuwa hajawahi kulala usingizi wa saa nne mfululizo. Mgongo ulimuuma. Siku nyingine alilia bafuni bila kujua sababu.

Jumatano jioni mumewe, Didas, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alirudi na habari.

"Mama Hope, wiki ijayo Ijumaa hadi Jumapili tupo Kigamboni. Hoteli ya ufukweni. Nimeshaweka nafasi."

Jovina aliweka chini kikombe. "Sisi? Na mtoto?"

"Tumwache na bibi. Tunanunua maziwa ya kopo."

"Hope ananyonya, Baba Hope. Hajawahi kuonja kopo. Tukienda, tunaenda wote. La sivyo nenda peke yako ukapige picha na minazi."

Bibi Demetria aligeuka kutoka jikoni. "Mtoto wa miezi mitatu baharini? Kwenye upepo ule? Mnataka kuniletea msiba?"

Walivutana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe Didas akatoa wazo. Jumapili wangemtembelea dada yake, Sesilia, kule Segerea. Hope avae kama atakavyovaa baharini. Akisafiri vizuri, na Kigamboni wataenda. Akisumbuka, safari ife.

"Hayo ndiyo maneno," alisema bibi.

Jovina naye alikubali. Moyoni alijua kwamba Jumapili ile ndiyo itakayoamua. Safari hii ikifa, hakuna nyingine mpaka likizo ya mwaka ujao.

Jumapili wakatoka saa sita mchana, baada ya misa. Jua lilikuwa la utosi. Gari dogo la Didas lilikuwa halina kiyoyozi kinachofanya kazi. Bibi alimvalisha Hope kila kitu, akaongeza na blanketi kwa ajili ya upepo wa bahari. Kisha akaamuru vioo vipandishwe.

"Mama, tutaiva humu," alisema Didas.

"Wewe endesha."

Hawakufika Segerea. Walinaswa kwenye foleni Mbezi. Hope akaanza kulia. Jovina akampa ziwa, mtoto akalisukuma. Uso wake ukawa mwekundu, nywele zikalowa. Bibi akampapasa shavu.

"Homa! Mtoto anaungua! Si niliwaambia? Hapo hata baharini hatujafika."

Didas akageuza gari. Walipofika getini akasema: "Basi. Kigamboni imekufa."

Akaingia ndani kutafuta chupa ya dawa ya malaria iliyobaki kabatini tangu mtoto wa Sesilia alipougua. Jovina hakumsubiri. Alivuka barabara na mtoto kifuani, moja kwa moja hadi kwa Mwanaasha.

Mwanaasha alikuwa mhudumu wa afya ya jamii pale mtaani. Mwanamke mwenye maneno machache na makali. Alikuwa anachambua mchele barazani.

"Dada Mwanaasha, nisaidie. Hope ana homa."

Mwanaasha hakumgusa mtoto kwanza. Alinawa mikono kwa sabuni, huku anauliza.

"Imeanza lini?"

"Sasa hivi, kwenye gari. Asubuhi alikuwa mzima."

"Ametapika? Anaharisha? Amepata degedege?"

"Hapana."

"Amenyonya?"

"Asubuhi vizuri. Kwenye gari amekataa."

Bibi Demetria na Didas wakafika wakihema. Didas alikuwa na ile chupa mkononi.

"Shikamoo mama," Mwanaasha alimsalimu bibi, kisha akamgeukia Didas. "Hiyo chupa weka chini. Ukishaiweka, njoo unishikie nguo."

Akamlaza Hope kwenye mkeka, kivulini. Akatoa blanketi. "Shika." Akatoa shali. "Shika." Kofia, soksi, sweta. "Shika, shika, shika." Alikuwa kama mtu anayemenya kitunguu. Alipolifikia gauni nalo akalivua. Hope akabaki na fulana na nepi. Fulana ilikuwa imelowa chapachapa.

"Mwalimu, wewe umevaa nguo ngapi?"

"Shati tu."

"Na unatoka jasho mpaka kwenye kope. Huyu mmemvisha duka zima."

Akaweka kipimajoto kwapani. Kilipolia, akakisoma.

"Thelathini na nane na nukta moja. Iko juu. Inaweza kuwa nguo na gari, inaweza kuwa ugonjwa. Hatukisii. Mama Hope, kaa hapa penye upepo, mnyonyeshe. Nusu saa napima tena. Isiposhuka, au akikataa tena ziwa, tunakwenda kituo cha afya saa hiyohiyo."

Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Jovina hakuwa anafikiri tena kuhusu bahari. Alimtazama mtoto tu. Hope alilishika ziwa, akaliachia, akalishika tena. Kisha akaanza kunyonya kwa nguvu, mkono umekishika kidole cha mama yake.

Kipimajoto kikalia mara ya pili.

"Thelathini na sita na nukta tisa," alisema Mwanaasha. "Alhamdulillahi. Alikuwa anapikika, huyu."

Didas akakaa chini kwenye ngazi, nguo zote zikiwa mapajani.

"Jioni napita kumpima tena," Mwanaasha aliendelea. "Joto likirudi, anapelekwa kupimwa damu. Dawa ya malaria haipewi mtoto kwa kubahatisha, tena ya chupa iliyofunguliwa kwa mtoto mwingine. Nakuona, mwalimu."

Bibi Demetria alikuwa bado amesimama. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyetaka kumuua mjukuu wangu?"

"Sijasema hivyo, mama. Njoo ukae." Mwanaasha akamsogezea kigoda. "Kwenu Bukoba asubuhi kuna mvua na ukungu. Huko ungemwacha na fulana tu, ningekulaumu. Hapa ni Dar. Kipimo ni wewe mwenyewe. Mtoto avae kama ulivyovaa wewe. Ukisikia baridi kidogo, mwongezee nguo moja nyepesi. Ukitaka kujua kama ana joto, mguse kifua au kisogo. Usiguse vidole, vidole vya mtoto hupoa hata akiwa ana joto."

"Na nimonia?"

"Nimonia inaletwa na vijidudu. Mtu mwenye mafua na kikohozi anayembusu mtoto, huyo ndiye wa kumfukuza. Upepo wa bahari? Mie nimezaliwa Kigamboni. Upepo ule ndio ulionilea."

"Ndiyo maana una mdomo," alisema bibi.

Mwanaasha akacheka. Jovina naye akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Jioni Mwanaasha alipita kama alivyoahidi. Joto la Hope lilikuwa la kawaida. Didas akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, safari?"

"Mnaweza kwenda, mkiipanga. Hotelini mmeuliza nini?"

"Nimeona picha. Pazuri sana."

"Kwenye picha umeona chandarua?"

Didas akakuna kichwa. Jovina akachukua simu, akapiga hotelini, akaweka spika. Kijana wa mapokezi alijitambulisha kuwa anaitwa Badru.

"Kaka Badru, tunakuja Ijumaa na mtoto mchanga. Chumba kina chandarua?"

"Tunapuliza dawa kila jioni, sista. Mbu hakuna."

"Sijakuuliza mbu. Nimekuuliza chandarua."

"Kipo... kipo stoo."

"Kifungwe. Na hiyo dawa msipulize chumbani kwetu mtoto akiwepo. Muziki je?"

"Jumamosi kuna bendi! Chumba chenu kipo jirani kabisa na jukwaa. Wageni wanakigombania."

"Wape hao wanaokigombania. Sie tupe cha mbali, cha chini, kisicho na ngazi."

Mwanaasha akanong'ona: kituo cha afya.

"Na kituo cha afya cha karibu kiko wapi?"

"Hilo sijawahi kuulizwa, sista. Nisubiri." Baada ya muda akarudi. "Kipo. Dakika kumi kwa gari. Kinafungua usiku na mchana."

"Asante. Chumba tunapata saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Jovina alitaka kutoka alfajiri, kabla ya jua na foleni. Saa nane ingewaweka nje mchana kutwa. Wakaelewana wakifika wapewe banda la kivuli, na chumba chao kisafishwe mwanzo kabisa.

Alhamisi usiku Jovina alifungua begi ambalo bibi alikuwa amelipanga. Kulikuwa na mablanketi matatu. Kabla hajasema, Bibi Demetria alikuja akatoa mawili, akayarudisha kabatini bila kumtazama. La tatu alilishikilia kwanza, halafu nalo akalitoa. Mahali pake akaweka kanga nne, nguo nyepesi za mikono mirefu, nepi, kipimajoto na kadi ya kliniki.

"Na maji ya Hope?" aliuliza. "Joto lile atakauka."

"Mama, Mwanaasha amesema maziwa yangu yana maji ya kumtosha. Mpaka miezi sita hapewi hata tone la maji. Joto likizidi, namnyonyesha mara nyingi zaidi. Wa kunywa maji ni mimi."

"Basi kunywa," alisema bibi. Akamjazia chupa mbili kubwa.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi waliondoka, vioo vikiwa wazi, bibi akiwapungia mkono getini. Hope alilala hadi darajani Kigamboni. Chandarua walikikuta kimefungwa, kikiwa na tundu moja. Jovina akaomba sindano na uzi, akaliziba. Feni waliiwasha bila kuielekeza usoni mwa mtoto.

Jumamosi saa sita mchana Didas alisimama mlangoni na simu.

"Twende nikupigeni picha kwenye mawimbi. Mwanga ni mzuri."

"Saa sita hii? Kajipige wewe. Mtoto huyu jua analiona saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni, tena kivulini."

"Hata dakika mbili?"

"Baba Hope."

Didas akaenda kujipiga mwenyewe.

Wakati wa chakula, mama mmoja wa meza ya jirani alimwonea Hope huruma. Akaleta dafu na kijiko. "Mwonjeshe kidogo, mama. Joto hili!"

"Asante sana, mama. La kwake nitakunywa mimi." Jovina akalinywa lote mbele yake, akafuta mdomo. Yule mama akacheka, akarudi kwenye meza yake.

Tangu Ijumaa Jovina alikuwa anahesabu nepi. Jumamosi ile pekee, kufikia mchana, alishabadilisha nne zilizolowa vizuri. Mwanaasha alikuwa amemwambia mtoto asiyekojoa ndiye wa kutia wasiwasi. Kifua cha Hope kilikuwa kikavu, cha joto la kawaida. Usiku ule wa kwanza alikuwa ameamka mara mbili tu. Jovina alilala saa tano mfululizo. Alipoamka alidhani amekosea kusoma saa.

Saa kumi na moja na nusu jioni jua lilikuwa limepungua ukali. Jovina alimnyonyesha Hope mpaka akashiba, akamcheulisha, akampa baba yake chini ya banda.

"Nenda," alisema Didas.

"Akilia?"

"Nitambeba. Nami ni mzazi wake, sikuokotwa njiani."

Jovina akajifunga kanga, akaingia majini. Maji yalikuwa vuguvugu. Yalipofika magotini akageuka kutazama. Yalipofika kiunoni akageuka tena. Ndipo akasikia kilio.

Ilikuwa sauti ya Hope. Jovina alishaanza kurudi pwani kabla hajaamua kurudi. Didas alikuwa amesimama, mtoto begani, anatembea huku na huku chini ya makuti. Alipomwona mkewe anakuja, aliinua mkono. Alimwonyesha kule baharini.

Jovina akasimama. Mawimbi madogo yalimpiga mgongoni. Alingoja, kama nusu saa ile ya barazani kwa Mwanaasha, lakini safari hii si kwa muda mrefu. Kilio kilipungua. Kikawa manung'uniko. Kikakatika.

Didas akaketi polepole, mtoto amelala kifuani pake. Akapunga mkono tena, kwa ukali kidogo: nenda.

Jovina akageuza uso kuelekea baharini, akajizamisha mpaka utosini.