Sikubaliani, Ila Nipo

Jumatatu hiyo lifti ya jengo la ofisi iligoma saa mbili kasoro, na ukumbi wa chini ukajaa watu hadi mlinzi akapanda juu ya kiti chake ili apate pa kusimama. Katikati ya msongamano alisimama mfasiri wa ghorofa ya saba, gauni la manjano, viatu virefu mkononi, kamusi nene kwapani. Mbele yake ilichomoza miguu miwili ndani ya ovaroli ya buluu. Mwili uliobaki ulikuwa chini ya lifti.

"Fundi, bado sana?" akauliza.

"Inategemea. Unakwenda ya ngapi?"

"Ya saba."

"Basi bado sana. Ungekuwa wa ya pili ningesema dakika mbili."

Watu wakacheka. Fundi akajitoa chini, pua ina grisi, mifuko saba imejaa bisibisi. Akaitazama kamusi, kisha mwenye nayo.

"Hicho kitabu peke yake kinahitaji lifti yake."

"Hiki kitabu kinanilisha, kaka."

"Na hii lifti inanilisha mimi. Kumbe tunakula meza jirani."

Mfasiri akanuna kwa nje na kupanda ngazi kwa miguu mitupu. Alipofika ya tano, anahema, mlango wa lifti ukafunguka mbele yake. Fundi alikuwa ndani, ameshafuta pua.

"Panda, Kamusi. Abiria wa kwanza ni wewe. Ikianguka, tunaanguka wote."

Akapanda. Haikuanguka. Yeye ndiye aliyeanguka, ingawa ilimchukua wiki tatu kujikubalia.

Kazi iliyokuwa mezani kwake siku hizo ilikuwa kitabu cha taratibu cha kampuni ya lifti, alichopewa akitoe kwenye Kiingereza. Nani angemfafanulia mambo ya breki na kamba za chuma? Basi Fundi akawa anapanda kila saa nne na vikombe viwili vya chai, anafafanua, anatania, anashuka. Baada ya miezi mitatu alikuwa anapanda hata siku ambazo hapakuwa na la kufafanua.

Kikabaki kipengele cha kumi na tisa. Kilisema mafundi wawili wakikagua lifti na mmoja akaona mwenzake amekosea, aandike kwenye daftari kitu ambacho Waingereza wanakiita *dissent*. Mfasiri alikuwa ameweka "mafarakano". Fundi alicheka nusura amwage chai.

"Mafarakano! Mimi na mwenzangu wa kazi, Mzee Spana, tungekuwa tumefarakana mara mia mbili. Mafarakano ni kila mtu kushika njia yake. Sisi tukishaandika tunakwenda kunywa chai."

"Basi ugomvi."

"Ugomvi unataka wawili. Hii anaifanya mmoja, tena mwenzake anaweza asijue mpaka afungue daftari."

"Uasi?"

"Mpenzi, unataka nifukuzwe kazi?"

Akacheka naye, akaacha nafasi tupu. Kitabu kilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumapili wakakutana kwenye bustani ya mjini, benchi lao lile lile. Mfasiri alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili, maana alikuwa na habari.

"Nimepata kazi chuoni. Kufundisha. Mji mwingine, saa sita kwa basi. Wanafungua mwezi ujao."

Fundi akafuta mikono yake kwenye suruali, ingawa siku hiyo haikuwa na grisi.

"Mimi sikubaliani."

"Unasemaje?"

"Sikubaliani. Wewe unapenda kukaa na maneno yako kimya kimya. Unakwenda kwa sababu mama yako siku zote alitaka mwalimu nyumbani. Haya, nimeshasema. Tununue karanga?"

Alipogeuka kutoka kwa muuza karanga, benchi lilikuwa tupu.

Kwao mfasiri, neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Baba yake alilisema mara tatu maishani, kila mara mchana, mezani, na jioni yake sanduku lilikuwa mlangoni. Mara ya tatu sanduku halikurudi. Kwa hiyo binti alijua lililokwisha limekwisha. Akazima simu, akajitupa kitandani kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye, akalia mpaka mto ukabadilishwa.

Jumanne aliporudi kutoka kazini alimkuta mama mdogo amesimama jikoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, huyo uliyeachana naye amekuja."

"Kufuata vitu vyake?"

"Kutengeneza bomba! Amepiga mluzi saa nzima, amekuachia dawa ya kikohozi, ameniuliza kama simu yako mbovu. Mimi nimeishi, nimeona wanaume wameachwa. Sijaona aliyeachwa akabadilisha mpira wa bomba."

Mfasiri akawasha simu. Ikalia papo hapo.

"Kamusi wangu! Simu imeharibika? Nije niitazame?"

"Usinifanyie mzaha. Tumeachana tangu Jumapili."

Upande wa pili bisibisi ikadondoka sakafuni.

"Tumeachana? Nani na nani?"

"Mimi na wewe!"

"Mbona mimi sikuwepo?"

"Ulisema hukubaliani!"

"Ndiyo. Na bado sikubaliani. Sasa hilo na kuachana wapi na wapi?"

Akakata. Hasira ilikuwa imemjaa, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kidogo kilichotaka kucheka, akakikanyaga.

Jumatano na Alhamisi alipanda ngazi ghorofa zote saba, asije akakutana na ovaroli ya buluu. Hakukutana nayo hata ngazini, na hilo likamuuma zaidi. Alhamisi mchana nafasi ile tupu ilikuwa bado inamkodolea macho kwenye karatasi. Akaona hakuna njia, akapanda ngazi ya chuma hadi chumba cha mitambo juu ya paa. Mzee Spana alikuwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mwenzangu hayupo."

"Sikumfuata yeye. Naomba kuona daftari lenu. Ni mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi," mzee akakubali, bila kuamini, akampa.

Akafungua. Mwandiko wa Fundi: *Mzee anasema kamba inafaa. Sikubaliani. Aangalie waya wa tatu.* Chini yake, herufi kubwa zinazotetemeka: *Nimeangalia. Nami sikubaliani. Lifti ilale. Kesho saa mbili, msimamizi aje, na wewe uje na chai.* Akageuza ukurasa. Sikubaliani. Kesho saa mbili. Miaka kumi na moja ya kutokubaliana, na kila sahihi ya jana ilikuwa na sahihi ya kesho yake.

"Hamkuwahi kugombana, mzee?"

"Mara moja. Kwa ajili ya mpira wa miguu. Hilo hatukuliandika."

"Na akiandika hakubali, wewe huogopi ataondoka?"

Mzee Spana akashusha miwani amwone vizuri. "Binti, anayetaka kuondoka haandiki kitu. Anashuka ngazi, basi. Anayekaa chini akakupa sababu, huyo kesho yupo."

Mfasiri alisimama na daftari mkononi. Baba yake, mara zote tatu, hakutoa sababu hata moja. Na Jumapili, kwenye benchi, aliyetoa sababu alikuwa Fundi. Aliyeondoka bila neno alikuwa yeye.

"Yuko wapi?"

"Kaenda huko kwenye mji wa chuo chako kuulizia kazi. Basi linaingia saa tisa, na atapitia hapa kuchukua vifaa."

Saa tisa na robo ukumbi ulikuwa umejaa wanaosubiri lifti. Fundi akaingia na vumbi la safari mabegani. Mfasiri akamvuta mkono mpaka mlango wa lifti, mbele ya macho ya watu wote.

"Umekwenda kutazama lifti za mji usioutaka?"

"Ziko kumi na nne. Zote mbovu. Nina kazi huko mpaka nizeeke."

"Na bado hukubaliani na hiyo kazi yangu?"

"Hata kidogo! Nitakubebea masanduku huku sikubaliani."

Akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Nisamehe. Niliondoka bila kukupa sababu."

"Umerudi, inatosha. Ila na mimi nina kipengele changu." Akajipangusa vumbi mabegani. "Tuoane. Mwezi ujao, ukishaanza chuo."

"Sikubaliani."

Shingo zote ukumbini zikageuka. Mtu wa miaka kumi na moja ya neno hilo, kwa mara ya kwanza akaliogopa.

"Na... sababu?"

"Mwezi ujao ni mbali. Iwe wiki ijayo. Kwa mengine yote, nisaini wapi?"

"Sainini humo ndani," mlinzi akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, "watu wapande!"

Ijumaa kitabu kilifika kwa wakati. Mchana msimamizi wa kampuni akapiga simu.

"Dada, kipengele cha kumi na tisa. Umeandika 'kauli ya asiyekubali, na ambaye kesho atakuwepo'. Hiyo maana umeitoa kamusi gani?"

Mfasiri akamtazama Fundi, aliyekuwa amejiegemeza mezani na orodha ya waalikwa wa harusi, ameshaandika "sikubaliani" kando ya majina manne, na kikombe chake cha chai kimewekwa karibu na cha mfasiri.

"Ya nyumbani kwangu," akajibu.