Mtoto wa Kwenye Manyunyu

Tangu walipoondoka kule bondeni, Chiriku hakuwa amesema neno.

Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, aliongea akioga, akaongea na mto wake hadi usingizi umkute katikati ya hadithi. Asubuhi, gari la baba yake likipanda milima, aliuliza theluji inakaaje kule kileleni bila kuteleza, na mbuzi wa huko wanajifunika nini. Sasa gari lilikuwa linateremka, naye alikaa kati ya mama na bibi, mikono mapajani, kama abiria aliyeonewa huruma njiani.

"Mke mwenza," bibi alimchokoza, "umenuna? Au umepata mchumba huko kwenye maji?"

Siku nyingine Chiriku angejibu kwamba babu ni wake peke yake, bibi atafute wa kwake. Leo aligeuza shingo polepole, akamtazama bibi, kisha akarudi kutazama mbele.

"Amechoka," baba alisema kutoka kwenye usukani. "Mwacheni mtoto."

Mama alikubali. Alitaka kukubali. Yeye alikuwa fundi cherehani, na matembezi hayo yalikuwa wazo lake. Kwa ajili ya siku hiyo alikata jora moja la kitambaa cha njano, akawashonea wote. "Ili asipotee mtu," aliwaambia, na mumewe akatania kwamba wamefanana na mapazia ya nyumba moja.

Bonde lilikuwa zuri, Mungu ashukuriwe kwa uumbaji wake. Kuta za mwamba zilisimama pande mbili, chini majani mabichi, na maji yalianguka kutoka juu sana hata yalifika chini kama moshi. Walikuwa wamesimama karibu na poromoko kubwa pale upepo ulipogeuka na manyunyu yakawafunika. Hakuna aliyemwona mwenzake. Kishindo kilimeza sauti zote. Mama alipapasa, akaona njano ya kitambaa chake, akadaka mkono mdogo uliolowa na kukimbia nao hadi garini. Usoni hakumtazama. Nani humtazama usoni mtoto aliyevaa nguo aliyomshonea mwenyewe?

Nyumbani, baada ya sala ya magharibi, alimpeleka bafuni kumvua gauni. Vidole vyake vilishuka begani kutafuta mshono, kwa mazoea tu ya kazi. Havikuupata. Akageuza ukosi. Akapindua pindo. Akaingiza mkono kwapani, pale alipokumbuka kurudia mara mbili kwa sababu uzi ulikatika. Kitambaa kilikuwa kizima, bila tundu la sindano, kama ganda la tunda. Na kilinuka mawe yaliyolala majini miaka mingi.

Akakaa kwenye sakafu, na kwa kuwa mama hutafuta moyo wa mwanawe kabla ya kutafuta kitu kingine chochote, alilaza sikio lake kwenye kifua cha yule mtoto na kusikiliza, akingoja mapigo, akiomba mapigo, lakini kilichokuja kutoka ndani, mbali sana, kama kutoka ng'ambo ya mlima, kilikuwa ni kishindo cha maji yanayoanguka, yanaanguka, yanaanguka bila kufika chini.

"Mama," mtoto alinong'ona, kwa sauti ileile ya Chiriku, "kwa nini ulinichukua?"

Bibi aliwakuta pale pale sakafuni. Alitazama, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Mtoto hakupiga kelele wala hakugaragara. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mwanangu yuko wapi?" mama alimuuliza. "Nakuomba. Nakuomba kwa aliyekuumba. Yuko wapi?"

"Pale uliponikuta."

Bibi alipomweleza, baba alitafuta ufunguo wa gari, lakini barabara ya mlimani ilifungwa kwa lango jua likizama, na mlinzi, kwa simu, alidhani anazungumza na mlevi. Basi walikaa. Mama alikaa upande mmoja wa mkeka na yule mtoto upande wa pili, na maji yakawa yanatiririka taratibu kutoka kwenye nywele zake ambazo hazikukauka.

Alfajiri walikuwa mlangoni kwa mwalimu wa chuo, mzee aliyewafundisha Kurani baba na mwana. Alimtazama yule mtoto, akamtazama mama.

"Nani alimshika mkono?"

"Mimi, mwalimu."

"Ulimtazama usoni?"

Mama alitikisa kichwa.

"Basi huyu hakuwavamia," mwalimu alisema pole pole. "Wewe ndiye uliyebeba mtoto wa watu."

"Mwalimu, msomee! Mtoe!"

"Nimtoe wapi, binti yangu? Hayumo ndani ya mtu. Mgeni uliyemkokota mwenyewe hadi nyumbani nitamfukuza kwa kisomo gani? Mrudishe. Tutakuja nawe na tutasoma, lakini mkono utauachia wewe. Na mtakapokutana na mwenye mtoto, mwombe radhi."

Walifika bondeni jua likiwa juu. Watu wengine walikuwa wanapiga picha na kucheka. Mama aliwapita, amemshika yule mtoto, akaingia ndani ya manyunyu hadi weupe ukawafunga pande zote. Mtoto alianza kutetemeka. "Usiniache," alisema. "Nimezoea." Na mama, ambaye usiku kucha alimwogopa, alijikuta anamwonea huruma, na alijichukia kwa huruma hiyo.

"Mwenye mtoto!" aliita, ingawa hakujisikia mwenyewe. "Nimekosa! Nimemleta wako, nipe wangu! Sikukusudia, wallahi sikukusudia, nilikuwa na haraka, nilikuwa na hofu, nipe mwanangu!"

Ukungu ulitulia. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu ambaye uso wake haukukaa mahali pamoja, kama uso unaoonekana chini ya maji, na mkononi alimshika mtoto wa gauni la njano. Mama alifungua vidole vyake kimoja kimoja, akilia, kwa sababu yule mdogo alikuwa amevikamata, na yule mwanamke naye alifungua vyake, taratibu mno, kama anayefunua jeraha, na wale watoto wakapishana katikati bila kugusana, na mama akaunyakua mwili wa mwanawe akaulaza kifuani akageuka akakimbia, akiteleza, akijikwaa, bila kutazama nyuma, hadi mlango wa gari ukafungwa na baba akaondoa gari.

Moyo ulikuwa unadunda. Mama aliusikia kwa sikio, akausikia kwa kiganja. Mishono ilikuwepo, na ule uliorudiwa kwapani. Baba aliendesha huku machozi yakimtiririka, bibi akishukuru kwa sauti, mwalimu kwenye kiti cha mbele akiendelea kusoma.

"Chiriku! Chiriku wangu, umeumia? Umekula? Sema na mama."

Mtoto alimtazama vizuri, kwa macho ya mtu anayejitahidi kukumbuka. Nywele zake, ambazo mama alizisuka juzi haraka haraka kati ya wateja wawili, zilikuwa zimesukwa upya, kwa mistari myembamba, laini, ya mtu mwenye muda na mapenzi.

"Shikamoo," alisema.

Bibi aliinama amtazame usoni.

"Mama amesema nisikusumbue," mtoto aliendelea, kwa adabu. "Amesema ulilia sana, kwa hiyo nishinde kwako leo. Jua likizama atakuja kunichukua."

Kwenye kiti cha mbele, mwalimu aliacha kusoma.