Nani Anabofya Tangazo la Mama Kochi?

Mama Kochi alikuwa fundi wa makochi. Alibadilisha sponji, akavuta kitambaa, akapigilia, huku kinywani amebana misumari midogo. Asubuhi hiyo misumari ilibaki kwenye kopo. Kinywa alikihitaji kwa ugomvi.

Alikuwa amelipia tangazo mtandaoni. Kabla jua halijapanda, pesa ya siku nzima ilikuwa imekwisha, na simu haijalia. Jana yake ilikuwa vivyo hivyo. Mambo yakiendelea hivi, kodi itamshinda na karakana itafungwa.

"Ni yule anayelichezea tangazo langu ili animalize," alimwambia mumewe. Yule ni fundi wa makochi wa ng'ambo ya barabara. Mumewe akamsihi atulie. Akaambiwa atulie yeye. Mama Kochi alivuka, akamtukana fundi mwenzake mbele ya wateja. Akamwita panya, ang'atae huku akipuliza. Fundi wa watu alibaki na nyundo mkononi.

Jirani yao, mpiga picha, alimrudisha ndani. Yeye naye hutangaza kazi zake mtandaoni. Aliomba simu ya Mama Kochi, akaikagua.

"Dada, sikiliza. Tangazo likitokea tu kwenye simu ya mtu, hilo ni onyesho. Hulipi kitu. Akiligusa, ukurasa wako ukafunguka, huo ni mbofyo. Kila mbofyo unalipia, anunue asinunue."

"Hata kama hana haja na kochi?"

"Hata kama hukaa kwenye ndoo. Na hii ni bajeti ya siku, yaani kikomo ulichoweka mwenyewe. Ikiisha, tangazo linalala."

Kisha akamwonyesha neno la kutafutia, yaani neno ambalo mtu akiliandika, tangazo hutokea. Mama Kochi alikuwa ameweka "kochi" peke yake. Waliotafuta picha za bure za makochi walimfikia. Lakini wengi zaidi walikuwa wameandika "Mama Kochi".

"Hawa wanakujua kwa jina," mpiga picha alisema. "Nani hukutafuta kila asubuhi?"

Mumewe akakohoa. Mtafutaji huyo alikuwa mama yake mzazi. Kila akiamka hugusa tangazo aone picha ya mkwewe, kisha huwahimiza wanawake wa chama chake nao waguse, ili duka lichangamke.

Mama Kochi alifura. Lakini mama mkwe hatukanwi. Alipiga msumari mpaka ubao ukapasuka, ndipo akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Upendo wenu unanifilisi."

Mpiga picha aliwatumia anwani ya ukurasa wenyewe. Wakipitia hapo, Mama Kochi hakatwi hata senti. Neno la kutafutia likawa "kuvisha kochi upya". "Bure" likawa neno la kuzuia: mtu akiliandika, tangazo halitokei.

Haikupita wiki, mwenye hoteli alipiga simu. Alitaka viti vyake vyote vivishwe upya. Kazi ilizidi mikono ya mtu mmoja, na fundi mwingine wa karibu alikuwa yule wa ng'ambo ya barabara. Mama Kochi alivuka, akamweleza kazi ya viti vya hoteli, kisha akanong'ona samahani.

"Sisikii," fundi alisema, bila kuinua macho. "Siku ile barabara nzima ilisikia."

Mama Kochi alisonya. Hasira ilimpanda tena, safari hii juu ya nafsi yake. Akatoka nje, akaomba radhi kwa sauti ileile aliyotukania. Wapita njia wakasimama.

Fundi akaweka nyundo chini.

"Sasa nimesikia. Viti vingapi?"