Wosia wa Wapiga Tromboni

Bernadine Treadwell alikutana na Kazimierz Nowicki kwenye maonyesho ya jimbo, mwezi wa Agosti, siku ambayo nusu ya mji wa Milwaukee ilikuwa imepanga foleni kununua keki za krimu. Bernadine alivaa gauni la kitani la rangi ya njano na hereni za mbao, mkononi ana keki kubwa kuliko uso wake, na hakuna pa kukaa. Mwanamume mrefu mwenye shati la mistari akavuta trei yake, akamwachia nusu ya benchi.

"Karibu," alisema. "Ila hii k-k-k—"

"Krimu inamwagika, naona."

"Kona," alimalizia yule bwana bila kukasirika. "Hii kona ina nyigu."

Kabla Bernadine hajajibu, nyigu wa kwanza alikwishatua kwenye keki yake. Walihama meza mara tatu, wakicheka kama watoto waliotoroka darasani, na wakaagana bila hata kupeana namba za simu. Bernadine alijilaumu njia nzima.

Wiki mbili baadaye, kwenye kikao cha kwanza cha walimu wa sekondari ya Harmon Hill, alikofundisha Bernadine, mwalimu mkuu alimtambulisha mwalimu mpya wa bendi. Bernadine alitazama nyuma, akaona shati la mistari.

"Nyigu hawajambo?" alimuuliza mlangoni.

"Wanakusalimu," akasema Kazimierz, ambaye wote walimwita Kaz. "Wanasema umenenepa."

Basi hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Ijumaa baada ya masomo walikwenda kwenye baa ya mtaani kwao Kaz, upande wa kusini, kula samaki wa kukaanga na kabichi na mkate mweusi, kati ya wazee wa Kipolandi waliomtazama Bernadine mwanzoni kwa udadisi, kisha wakaanza kumwekea kiti. Theluji ilipoanguka Kaz alimfutia Bernadine vioo vya gari. Bernadine alipougua mafua, Kaz alimletea supu iliyopikwa na mama yake. Alimtumia ujumbe asubuhi na jioni: *Malkia wa nukta na koma, umeamkaje?* Lakini hakumpigia simu hata siku moja.

Sababu Bernadine aliijua. Kaz alizaliwa na kigugumizi. Akiimba, hakipo. Akiwafokea wapiga ngoma, hakipo. Kilimvizia kwenye maneno mazito na kwenye simu. Na Bernadine, mwalimu wa Kiingereza mwenye ulimi mwepesi kuliko kiberiti, alimmalizia maneno yake kila alipokwama. Aliona anampokea mzigo. Hakuona kwamba wakati mwingine anampokonya.

Mwezi wa Mei shule moja ya Duluth, safari ya saa nyingi kaskazini, ilimwita Bernadine awe mkuu wa idara. Mkataba ulingoja saini tu. Alimweleza Kaz mbele ya sahani ya samaki.

Kaz aliweka uma chini. "Bernadine, u-u-u—"

"Utanikosa. Najua, mpenzi. Na mimi nitakukosa."

Kaz alivuta pumzi, akamtazama, kisha akashusha macho kwenye sahani. Bernadine alirudi nyumbani akalia. Mwanamume anayetaka mwanamke abaki, alijiambia, husema baki.

Wiki ya mwisho ya shule ikafika, na pamoja nayo siku ya wosia. Pale Harmon Hill wanaomaliza husimama mbele ya shule nzima na kuwagawia wadogo zao urithi wa mzaha. Bernadine ndiye aliyesoma kila wosia mapema na kukata matusi, na sheria ilikuwa kali: anayesoma neno lisilopitishwa hapandi jukwaani siku ya kupokea cheti.

Ukumbi wa mazoezi ulijaa hadi ngazi za juu. Bernadine alisimama pembeni, blauzi nyeupe, sketi ya bluu, uso wa mtu aliyelala vibaya. Hata hivyo alicheka kama wengine.

"Mimi Terrence Bohlen," kijana mmoja alianza, "nikiwa na akili timamu licha ya chakula cha kantini, namwachia Alvin kabati langu, pamoja na harufu iliyomo, ambayo mpaka leo chanzo chake hakijulikani."

"Sisi wachezaji wa mpira," akasema mwingine, "tunawaachia wadogo zetu rekodi yetu ya kufungwa. Itunzeni. Msije mkaiharibu kwa kushinda."

Priscilla Vang aliwaachia wavivu kiti chake cha darasa la hesabu, nyuma ya nguzo, alikosinzia miaka minne na kupata alama nzuri tu. Kisha akapanda Marisela Quintana, kiongozi wa wapiga tromboni katika bendi ya Kaz, msichana mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliwaachia wadogo zake tromboni iliyopinda, na deni la kumwomba radhi jirani wa shule. Hapo wosia uliopitishwa ukaisha. Marisela hakushuka.

"Na mwisho," alisema, "tunawaachia kazi ya kumngoja Bwana Nowicki amwambie Bi. Treadwell yale anayoyafanyia mazoezi kila Ijumaa ndani ya stoo ya ala. Sisi tumengoja tangu theluji ianguke. Tumechoka, tunakwenda chuo."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko, miguu ikapiga mbao za ngazi. Bernadine alimtafuta Kaz kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na ngoma, mweupe kama chaki. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akageuka, akatoka nje, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Kicheko kikageuka mnong'ono. Bernadine alisimama pale pale akihisi macho ya shule nzima mgongoni. Yametajwa mapenzi, alijiambia, mwanamume akakimbia kama aliyetajiwa polisi.

Saa ya chakula, simu yake ililia. Jina la Kaz. Hajawahi kupiga, na leo amepiga.

"Haya, sema," Bernadine alipokea kwa hasira.

Upande wa pili alisikia pumzi. Pumzi, kisha kimya, kisha pumzi tena.

"Kaz, nimeaibika leo kuliko nilivyowahi kuaibika. Kama hunitaki ungeniambia siku ile tulipokula samaki. Basi, kimya chako nimekielewa." Akakata. Akaingia darasani kwake, akatoa mkataba wa Duluth, akauweka mezani.

Bernadine alikuwa na kalamu mkononi Marisela alipogonga mlango.

"Mwalimu, nimekuja kupokea adhabu. Nilijua sheria. Lakini sikutaka kumdhalilisha mtu."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka mmoja wenu aamke." Msichana alifuta jicho kwa mkono wa sweta. "Tunamsikia ukutani, Mwalimu. Anaanza na jina lako. Anakwama kwenye B. Anarudia. Wiki hii yote anasema, 'Bernadine, usiende.' Tunajifanya tunafuta tromboni ili tusimwache peke yake."

"Anasema nini?"

"Usiende."

Bernadine aliweka kalamu chini. U-u-u. Na yeye alikuwa amedakia, *utanikosa*, akajijibu mwenyewe, akaenda zake kulia.

"Mbona hajaniambia?"

Marisela alisita. "Samahani, Mwalimu. Humpi nafasi. Ukiwa naye, unaongea wewe na unajibu wewe."

Maneno ya mtoto wa watu yalimwingia kama sindano, kwa sababu yalikuwa kweli.

"Rudi darasani," alisema taratibu. "Na joho lako ulipige pasi. Utapanda jukwaani kama wenzako. Sheria niliitunga mimi, nitajua pa kuikunja."

Alimkuta Kaz katika chumba cha muziki, tai imelegea, akirudisha tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, kwenye kasha lake.

"Kaz. Simu ile nilikata vibaya. Nisamehe. Nimekuja kusikia, na leo sina haraka."

Kaz alisimama. Akajifuta viganja kwenye suruali. "B-B-B—"

Jina lake lilikuwa pale, linagonga mlango, na Bernadine alijua herufi zote zilizobaki. Aliuma ulimi. Saa ya ukutani ilitembea. Nje basi la shule liliunguruma, likaondoka.

"B-Bernadine," alisema hatimaye, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "U-u-usiende. Nakupenda. Nilitoka kwa sababu nilitaka kukujibu pale pale, nikaona n-n-nitakwama mbele ya shule nzima na watakucheka wewe. Na simu nilipiga, lakini simu ni adui yangu."

"Najua sasa."

"Sijamaliza."

"Samahani. Malizia."

Kaz akaanza kucheka, na kicheko kikamlegeza mabega. "Nataka t-tuoane. Kama Duluth ni lazima, nitakufuata. Tuba zipo hata Duluth."

Bernadine alihisi kitu kilichokuwa kimemkaba tangu Mei kikiachia taratibu, kama fundo lililolowekwa maji. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke. Alishika mkono wa Kaz, ulikuwa baridi na umelowa, kisha kwa mkono wa pili akatoa simu, akapiga Duluth hapo hapo, akawashukuru kwa adabu zote na kuwaambia wamtafute mwingine.

"Wewe," alisema Kaz, "hujanijibu mimi bado."

"Ndiyo. Naolewa na wewe. Mama yangu atataka kanisa lake, wako atataka la kwake, tutapigana mpaka Krismasi. Mengine yaseme wewe."

Alikuwa na mengi, yule mwanamume, miezi mizima ya mengi. Bernadine alikalia kasha la tuba, akakunja mikono mapajani, akamsikiliza.