Baraka Siku ya Mtihani

Soko la Ngaramtoni lilijaa ng'ombe, vumbi na kelele siku Sifael alipomwona Naeku akimfunga jeraha mchungaji aliyepigwa pembe. Shanga zilimwenea shingoni, vidole vyake vilitulia.

"Dada, nani amekufundisha?"

"Mama yangu. Na wewe nani amekufundisha kunizibia mwanga?"

Sifael, kijana wa Kimeru mwenye koti jeupe la misheni, akacheka hadi mchungaji naye akacheka. Daktari Mjerumani alikuwa amemkabidhi mafunzo ya wauguzi katika hospitali ndogo kando ya Mto Themi. Sifael ndiye aliyepanga masomo, ndiye aliyetahini. Akamwalika Naeku asome uuguzi, naye akaja. Mvua za masika zilipokatika, wanafunzi wenzake Naeku walikuwa wakimwita "Mama Mwalimu", kama mke wa Sifael, naye hakuwakataza.

Siku ya mtihani Naeku alinawa, akasafisha kidonda cha mtoto, akafunga bendeji iliyonyooka. Kisha, kama Waarusha, watu wa kwao, wanavyowabariki watoto, akamtemea mate kidogo utosini.

Daktari aliruka: mate juu ya mgonjwa! Sifael akatazama sakafu. "Ameshindwa," akasema.

Baadaye alimkuta Naeku mlangoni akifunga mzigo.

"Ulijua nambariki! Mbona ulinyamaza?"

"Wangesema nakupendelea, mpenzi."

"Kwa hiyo ukaipendelea heshima yako. Usiniite mpenzi."

Akaenda kwao Ngaramtoni.

Sifael aliyapitia masomo yake upya. Kunawa kulikuwemo, dawa zilikuwemo. Kuhusu baraka hakuwahi kutamka neno, naye alijua kila mama huko nje hutema mate. Asubuhi akamwendea daktari.

"Bwana Daktari, aliyeshindwa ni mimi. Nimemtahini kwa jambo nisilomfundisha. Tuwafundishe kubariki mlangoni, kabla ya kunawa. Halafu wote warudie."

"Unamtetea kwa sababu unampenda?"

"Nampenda, ndiyo. Kwa hiyo atahini mwingine."

Daktari alikubali, lakini uongozi wa mafunzo akampa Marta, muuguzi wa siku nyingi asiyecheka ovyo. Sifael akapanda Ngaramtoni kumweleza Naeku, bila cheo.

"Umepoteza kazi yako kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mtihani mbovu. Kwa ajili yako nimepanda mlima huu."

Naeku akageuka kuficha tabasamu.

Alirudia mtihani. Sifael alingoja nje, kofia mkononi, hadi mlango ulipofunguka.

"Marta amenipitisha!"

"Basi nije lini kwa baba yako?"

"Jumamosi, na wazee wako. Ila ujiandae, mpenzi. Yule mzee hatoi nafasi ya kurudia."